Kalemie: Abiria anaona rangi ya ndege, nani anahesabu umri wa vipande vyake?

Kwa mkaaji wa Kalemie anayetaka kufika Lubumbashi au Kinshasa kwa haraka, njia imebaki moja: ndege. Treni ya SNCC inakuja kwa siku zake. Barabara inakatika wakati wa masika. Ziwa linamfikisha Uvira, Kigoma au Mpulungu, lakini halimfikishi Kinshasa. Mgonjwa anayehitaji kupasuliwa, mfanyabiashara anayefuata bidhaa, mwanafunzi anayerudi chuoni, wote wanapanda ngazi ileile. Wanalipa tiketi, wanalipa Go-Pass, mizigo yao inapimwa hadi kilo ya mwisho. Katika malipo hayo yote, hakuna karatasi inayowaambia jambo lenye uzito kuliko mizigo yao: vipande vilivyofungwa ndani ya ndege hiyo vimefanya kazi kwa muda gani, na nani anavihesabu.

Swali hilo linaonekana ni la mafundi peke yao. Sivyo. Ni swali la usimamizi, na usimamizi ni kazi ya serikali. Wakati umefika kwa Mamlaka ya usafiri wa anga wa kiraia, AAC, kulazimisha kila kampuni inayobeba abiria ndani ya nchi kuweka historia ya vipande vya ndege zake katika programu ya kompyuta ambayo wakaguzi wanaweza kuifungua wakati wowote. Hii ihusu pia kampuni ndogo zinazotua Kalemie, Moba, Manono na Kongolo, si zile kubwa za Kinshasa tu.

Umri wa ndege si umri wa vipande

Motari yeyote wa Kalemie anajua jambo hili bila kufundishwa. Moto inaweza kuwa na rangi mpya na kiti kipya, huku moteri yake imetolewa kwenye moto nyingine iliyogongwa. Mvuvi naye anajua kwamba umri wa mtumbwi si umri wa moteri iliyofungwa nyuma yake. Mtu mwenye akili hanunui kwa kuangalia rangi. Anauliza moteri hii ilitoka wapi.

Ndege ni hivyohivyo, ila vipande vyake ni vingi mno. Ndani ya ndege kuna moteri. Ndani ya moteri kuna mafungu ya vipande. Ndani ya fungu moja kuna sahani ya chuma inayoshika mapanga yanayozunguka. Miguu ya magurudumu nayo ni fungu jingine, lenye vyuma, pampu na mabomba yake. Vipande vikubwa na vya hatari vina namba yake kila kimoja, namba ambayo kipande kingine hakitakiwi kuwa nayo.

Vipande vingine vinatumika mpaka ukaguzi uonyeshe vimechoka. Vingine mtengenezaji amevipangia mwisho. Vikifikia idadi fulani ya saa, au idadi fulani ya mizunguko, vinatolewa na kutupwa hata kama kwa macho bado vinang'aa. Mzunguko mmoja ni kuruka mara moja na kutua mara moja. Chuma kinachoka kwa kubanwa na kuachiliwa, na uchovu huo hauonekani kwa nje mpaka siku kinapopasuka.

Kwa jimbo kama Tanganyika, mizunguko ndiyo hesabu ya kuogopa. Ndege inayotoka Kalemie kwenda Moba na kurudi, kisha ikaenda Manono na kurudi, imemaliza mizunguko minne ndani ya saa chache tu. Ndege kubwa inayotoka Kinshasa kwenda Ulaya inafanya mzunguko mmoja kwa usiku mzima. Anayehesabu saa peke yake atasema ndege ya Kalemie bado kijana.

Ulimwengu uliona hatari hiyo tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737 ya kampuni Aloha, iliyokuwa ikifanya safari fupi kati ya visiwa vya Hawaii, ilipasuka paa ikiwa angani. Mhudumu mmoja alivutwa nje na kufariki, na rubani akafaulu kutua na waliobaki. Ndege hiyo ilikuwa imeruka saa 35,496, lakini mizunguko yake ilikuwa 89,680.

Kosa la mstari mmoja

Shida kubwa inaanza pale kipande kinapohama. Katika kazi ya ndege hilo ni jambo la kila siku. Moteri inatolewa kwenye ndege moja na kufungwa kwenye nyingine. Mguu wa gurudumu unapelekwa kutengenezwa, na mahali pake unafungwa mguu uliokuwa kwenye ndege iliyosimama bila kazi. Kuchukua kipande kwenye ndege iliyosimama ili nyingine iruke si kosa. Mashirika makubwa ya dunia yanafanya hivyo. Kosa ni kukichukua bila kuchukua na historia yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mguu wa gurudumu umepangiwa mwisho wa mizunguko 20,000. Kwenye ndege ya kwanza umeshafanya 14,000, kwa hiyo umebaki na 6,000. Unahamishwa kwenye ndege ya pili, ambayo tangu itoke kiwandani imefanya mizunguko 6,000 tu. Karani akiandika kwamba mguu una umri sawa na wa ndege iliyoupokea, daftari litasema umebaki na mizunguko 14,000. Mguu huo utaendelea kubeba watu hadi mzunguko wa 28,000, yaani 8,000 kupita mwisho wake, na karatasi zote zitaonyesha kwamba mambo ni sawa. Fundi hakuiba, na rubani hakukosea. Kosa lilikuwa katika mstari mmoja wa daftari.

Ndiyo maana programu za kusimamia matengenezo ya ndege zimejengwa mfano wa mti. Ndege ni shina, moteri ni tawi, fungu la vipande ni kitawi, na sahani ya chuma ni jani. Ukikata tawi na kulihamishia kwenye shina jingine, vitawi na majani yake vinahama pamoja nalo, kila kimoja na umri wake. Safari ikimalizika, mtu anaingiza saa na mizunguko mara moja tu, na programu inaongeza hesabu kwa kila kipande kilichokuwa kwenye ndege siku hiyo. Kipande kikikaribia mwisho wake, programu inatoa onyo mapema. Fundi akitaka kufunga kipande kisichofaa kwa ndege ile, au kilichomaliza muda, programu iliyopangwa vizuri inakataa.

Daftari la karatasi haliwezi kufanya hivyo. Hata jedwali la kawaida la kompyuta haliwezi, maana mstari wa moteri haujui kwamba mstari wa sahani uko chini yake. Mtu ndiye anatakiwa kukumbuka, na binadamu anachoka, anahama kazi, anaugua, anakufa.

Namba moja, sahani mbili

Tarehe 19 Julai 1989, ndege ya DC-10 ya kampuni ya Kimarekani United ilikuwa safarini kutoka Denver kwenda Chicago. Sahani ya moteri ya mkiani ilipasuka na kukata mabomba ya mafuta yanayosaidia kuongoza ndege. Ilianguka Sioux City. Kati ya watu 296 waliokuwemo, 112 walikufa. Sahani hiyo ilikuwa na mizunguko 15,503, na mwisho wake ulipangwa kuwa 18,000. Ilikuwa bado ndani ya muda. Kasoro ilikuwa ndani ya chuma chenyewe tangu kiwandani, na ukaguzi haukuuona ufa uliotokea hapo.

Miezi karibu mitatu baadaye, mkulima aliyekuwa akivuna mahindi aliipata sahani hiyo shambani. Wachunguzi walifuata namba yake mpaka kwa mtengenezaji. Hapo walikuta jambo la kushangaza: kumbukumbu za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilionyesha sahani mbili zenye namba ileile. Hata hivyo, namba na madaftari ndivyo viliwezesha kutafuta sahani nyingine zilizotengenezwa kwa chuma cha asili moja na kuzikagua.

Kuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, kuhesabu peke yake hakutoshi, ukaguzi wa kweli lazima ufanyike. La pili, siku ya maafa, nchi yenye kumbukumbu inaweza kuokoa ndege zilizobaki. Nchi isiyo na kumbukumbu inabaki kusubiri nyingine ianguke.

Mwaka 2023 dunia ilijaribiwa tena. Iligunduliwa kwamba kampuni moja ya London, AOG Technics, iliuza vipande vya moteri vyenye vyeti vya kughushi. Vingi vilikuwa vya moteri za CFM56, aina inayotumika kwenye Boeing 737-800 zote na kwenye Airbus A320 nyingi. Mashirika makubwa, yakiwemo American, Delta, United na Southwest, yalitangaza kwamba yamekuta vipande hivyo na kuviondoa. Yaliweza kwa sababu yalifungua kumbukumbu na kuuliza: kipande chenye namba hii kiko kwenye moteri gani, na moteri hiyo iko kwenye ndege gani?

Swali hilohilo liulizwe hapa. Onyo kama lile likija kesho asubuhi, ni kampuni ngapi kati ya zinazotua Kalemie zinaweza kujibu kabla ya jua kuzama? Na AAC inaweza kujibu kwa ajili ya nchi nzima?

Orodha ya Ulaya haimlindi mkaaji wa Kalemie

Tangu Machi 2006, Umoja wa Ulaya umeweka kampuni za ndege za RDC kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka katika anga yake. Sababu inayotajwa si kampuni moja au nyingine. Ni kwamba Ulaya haiamini usimamizi wa serikali yetu. Wengi hapa wanaona orodha hiyo kama dharau. Lakini tuseme ukweli: orodha hiyo inamlinda abiria wa Brussels na Paris. Mkaaji wa Kalemie anapanda ndege ambazo haziruhusiwi kuruka katika anga ya Ulaya, naye hana nyingine.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye uwanja uleule mmoja. Wafanyakazi wengi wa mashirika ya misaada wanasafiri kwa ndege za UNHAS, huduma ya anga ya Umoja wa Mataifa inayosimamiwa na PAM, na kampuni zinazoifanyia kazi zinakaguliwa kabla ya kupewa mkataba. Barabara ya kurukia ni moja, ziwa linalovukwa ni lile moja, lakini uhai wa mmoja umehesabiwa na wa mwingine umeachiwa Mungu.

Wanaosema kwamba hilo ni jambo la matajiri wanaopanda ndege wamesahau historia yetu. Januari 1996, ndege ya mizigo aina ya Antonov ilishindwa kuruka Kinshasa na kuingia katika soko la Simbazikita. Mamia ya watu walikufa, wengi wao wakiwa wauzaji na wanunuzi. Aprili 2008, DC-9 ya Hewa Bora ilianguka katika mtaa wa Birere mjini Goma. Novemba 2019, Dornier ya kampuni Busy Bee iliangukia nyumba za mtaa wa Mapendo, Goma pia. Kila ajali ina chanzo chake, na si haki kuzitupia zote kosa la vipande. Lakini zote zinafundisha jambo moja: ndege ikianguka mjini, hata mtu ambaye hajawahi kununua tiketi anaweza kufa.

Wanaopinga wana sababu, lakini hazitoshi

Wenye kampuni ndogo watasema programu ni ghali. Ni kweli, zile kubwa zinazotumiwa na mashirika yenye ndege mia moja si za kampuni yenye ndege mbili. Lakini hakuna anayedai kampuni ndogo inunue hizo. Zipo nyepesi. Tena inawezekana kuanza na vipande vyenye mwisho uliopangwa tu: sahani za moteri, miguu ya magurudumu, propela. Kampuni isiyoweza kulipia hesabu ya vipande hivyo haiwezi pia kulipia vipande vyenyewe siku vitakapomaliza muda. Hapo ndipo hatari ilipo.

Watasema pia kwamba umeme na intaneti ni shida. Nani Kalemie hajui hivyo? Umeme wa Bendera unakatika, mtandao wa simu unapotea. Lakini shida hiyo inaonyesha kwa nini utaratibu unahitajika, haiufuti. Kipande kikibadilishwa Kalemie siku ya kwanza ya juma, na kikaingizwa kwenye kompyuta Lubumbashi siku ya tano, safari zote za katikati zinahesabiwa kwa kipande kisichokuwepo, na kile kilichokuwepo kinabaki kijana kwa uongo. Dawa ni rahisi: fundi anaandika papo hapo kwenye karatasi namba ya kilichotoka, namba ya kilichoingia, siku na saa, anatia sahihi, anapiga picha na kuituma mtandao ukirudi. Programu nzuri inapokea tarehe ya kweli ya kazi, si tarehe ya kuandika, na inarudi nyuma kusahihisha hesabu.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi: kompyuta haikatai uongo. Anayeghushi karatasi ataghushi pia kwenye programu. Ni kweli, na AOG Technics ni ushahidi. Lakini uongo wa karatasi unakaa ndani ya kabati la mtu mmoja. Uongo ulioingizwa kwenye programu unaacha alama ya nani aliandika na saa ngapi, na unaweza kulinganishwa na kumbukumbu za wengine. Namba moja ya sahani ikitokea kwenye ndege mbili za kampuni mbili, mkaguzi ataiona kwa dakika moja. Leo, nani ataiona?

Nini kifanyike

Si lazima kungoja sheria mpya. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, ambao RDC ni mwanachama wake, tayari kinamtaka mwenye kampuni kuweka kumbukumbu ya saa, mizunguko na muda wa kila kipande chenye mwisho. Nchi ina sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010 kuhusu usafiri wa anga wa kiraia. Kinachokosekana ni utekelezaji unaofika hadi kwenye viwanja vidogo.

Kwanza, AAC idai kila kampuni itume, kila baada ya miezi mitatu, orodha ya vipande vyenye mwisho: namba, ndege kilipo, saa, mizunguko na muda uliobaki. Itumwe kwa muundo mmoja unaosomwa na kompyuta, si picha za karatasi.

Pili, orodha zote ziingizwe katika daftari moja la taifa, ili namba zinazojirudia na vipande vinavyopungua umri kwa miujiza vionekane.

Tatu, kipande chochote kinachotolewa au kufungwa mbali na karakana kuu kiandikwe siku hiyohiyo, na ndege isiruke tena mpaka mtu mwenye cheti ametia sahihi.

Nne, majina ya kampuni zilizotimiza wajibu huo yabandikwe kwenye uwanja wa ndege, karibu na mahali pa kulipia Go-Pass. Abiria hahitaji kusoma hesabu za sahani. Anahitaji kujua kama kuna aliyezisoma kwa niaba yake.

Kazi hiyo inaweza pia kuwapa mkate vijana. Kalemie ina vijana waliosoma infomatiki wanaokaa bila ajira huku kampuni zikisema hazina watu wa kuingiza kumbukumbu. Kuwafundisha wachache hesabu ya vipande kunagharimu kidogo kuliko moteri moja.

Hatari ya sasa ni nchi kugawanyika mara mbili. Air Congo, iliyoanza safari Desemba 2024 kwa ubia wa serikali na Ethiopian Airlines, ina nafasi ya kuiga utaratibu wa shirika lenye uzoefu mkubwa barani Afrika. Hilo ni jambo jema. Lakini kama miji mikubwa itapata ndege zenye kumbukumbu, na miji kama Kalemie, Moba na Manono ikaachiwa ndege za daftari lililochanika, maendeleo hayo yatakuwa ya wengine.

Tena upande huu wa ziwa haukuanza jana na mambo ya ndege. Mwaka 1916, wakati wa vita, ndege za majini zilizotumiwa na Wabelgiji kushambulia Kigoma zilifikishwa upande huu wa ziwa zikiwa zimefunguliwa vipande, kisha zikaungwa. Upande wa pili, meli iitwayo leo Liemba iliwasili kutoka Ujerumani ikiwa ndani ya masanduku kama 5,000. Vyote viwili vilifanya kazi kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye orodha, aliyejua kila kipande kinakwenda wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema juu ya mali. Wabunge wa Tanganyika, wa jimbo na wa taifa, wana nafasi ya kumwuliza waziri wa uchukuzi kwa maandishi: ni kampuni gani zinazotua Kalemie zimetoa hesabu ya vipande vya ndege zake mwaka huu, na nani aliikagua? Jibu likiwa hakuna, wakaaji wajue hivyo kabla ya kupanda.